Mstari wa Mia Tatu Arobaini na Saba

Jumatatu saa nne asubuhi, nyumba ya mama mkwe wake Bi Taipu ilikatika vipande viwili. Ardhi haikutetemeka, wala hakuna aliyekuja na nyundo. Kuta zilikuwa palepale, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa uani akipepeta mchele, hana habari. Nyumba ilikatikia kwenye karatasi, katika orodha ndefu ya mtaa iliyobandikwa ubaoni nje ya ofisi ya ardhi. Jina la mama mkwe lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa kumi na saba, na namba ya kiwanja chake, mia mbili na kumi na mbili, ilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa kumi na nane. Mwanawe na mjukuu wa kwanza, walioandikwa kama warithi, walibaki na bibi upande huu. Mjukuu wa pili alitupwa ng'ambo pamoja na kiwanja.

Na aliyeichapa orodha hiyo, herufi kwa herufi, ni Bi Taipu mwenyewe.

Jina hilo alipewa na mtaa, na halikuwa la kejeli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchapaji katika ofisi ya kiwanda cha nyuzi, tangu enzi za mashine ya taipu iliyosikika mpaka getini. Kompyuta zilipoletwa alihamia huko na tabia zake zote. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na barua ya shukrani na mgongo unaouma. Basi kamati ya mtaa ilipohitaji mtu wa kuandika kaya mia sita na kumi na mbili, ili mtaa upimwe na kila mwenye nyumba apate hati, hakuna aliyeinua mkono. Wote waligeuza shingo kumtazama yeye. Akakubali, tena kwa fahari. Alichapa wiki tatu, akatoa nakala yake ya kurasa ishirini na saba, akaipitia kwa rula mstari kwa mstari, kisha akaenda kukabidhi flashi ofisini akiwa amevaa nguo yake ya kutokea.

Sasa alisimama mbele ya ubao na kurasa zilikuwa thelathini. Kichwa cha jedwali, yaani ule mstari unaosema Namba, Mwenye Nyumba, Warithi, Kiwanja, alikuwa amekiandika kwa mkono wake juu ya kila ukurasa. Vyote vilikuwa vimeporomoka. Kimoja kilikuwa katikati ya ukurasa wa tano, kimekaa baina ya ndugu wawili wenye nyumba za jirani. Kingine kilikuwa mkiani mwa ukurasa wa tisa, kikiwatangaza watu ambao hawakuwepo. Kurasa nyingine hazikuwa na kichwa kabisa, na msomaji hakujua lipi ni jina la mwenye nyumba na lipi la mrithi.

"Nani alichapa hii kitu?" karani wa ardhi aliuliza kutoka dirishani, kwa sauti ya kutosha watu arobaini.

Bi Taipu aliinua mkono, na alipouinua akajiona amerudi darasa la pili. Alisema kwamba yeye orodha aliiona kwa macho yake, ilikuwa sawa, na nakala iko nyumbani. Karani alimjibu kwamba kompyuta aliyotumia ni nyingine na ya ofisi ni nyingine. Hapa walipanua nafasi ya upande wa kushoto ili karatasi zitobolewe na kufungwa kwenye jalada, basi majina marefu yakajikunja na kila kitu kikasogea. Wasaidizi wa mpimaji walichukua ukurasa mmoja mmoja na kulinganisha na ramani. Kila namba ya kiwanja waliyoikuta haina jina la mwenye nyumba pembeni yake, waliipigia wino mwekundu na kuandika "bila mwenyewe". Viwanja hivyo vilikuwa kumi na tisa. Alhamisi saa sita mchana orodha inafungwa. Baada ya hapo mtu atapewa wiki mbili za kurekebisha majina ya warithi, lakini kiwanja kilichofungwa bila mwenyewe kinakuwa mali ya halmashauri, na aliye juu yake ataitwa mvamizi.

"Lakini jina lipo, ukurasa uliotangulia," alisema Bi Taipu. "Ukigeuza tu unaliona."

"Mama, mpimaji hageuzi. Anasoma alichopewa."

Nyuma yake, muuza mkaa wa kona ya tatu alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo. Huyu mama alikuwa na mdomo ambao haujawahi kuwekwa kufuli. Alimwambia aliye karibu naye, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka ng'ambo ya barabara, kwamba ni ajabu sana. Nyumba mia sita, na iliyokatika ni ya mama mkwe wa aliyechapa. Labda mkwe amechoka kungoja, alisema, anataka kiwanja kiwe wazi ili kiandikwe upya kwa jina la mume. Hakujisumbua kutafuta jina lake mwenyewe. Aliondoka na habari yake ikiwa bado ya moto.

Habari ilimpita Bi Taipu njiani. Alipofika nyumbani, ungo wa mchele ulikuwa chini na mama mkwe amekaa kwenye kiti kilichoelekea mlangoni. Mumewe, fundi seremala, alikuwa ameitwa kutoka karakana, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

Bi Taipu alieleza kila kitu, kuanzia nafasi ya kushoto mpaka wino mwekundu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu anayejitetea. Bibi alikuwa anajua namba, kwa sababu maisha yake yote aliuza vitu, lakini herufi hakuzijua. Kwake orodha ilikuwa kitu ambacho mkwe wake amekishika mkononi miezi hii yote. Nyumba aliijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na matofali mengine alibeba akiwa na mimba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Muulize mkeo," alisema, "nyumba yangu aliikataje?"

"Mama, si yuko hapa? Amekwambia ni mashine."

"Mashine ina vidole? Muulize."

Mume alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akajikuna kichwa, vumbi likadondoka. Hakuuliza. Lakini hakusema kitu kingine pia, na hilo ndilo lililomchoma Bi Taipu. Jioni ile bibi alisema hana njaa. Chumvi ilipohitajika alimwomba mwanawe amwambie mkewe aisogeze, na chumvi yenyewe ilikuwa katikati yao, umbali wa kiwiko.

Bi Taipu aliisogeza. Alikuwa na hasira, na aliona aibu, na juu ya yote alikuwa na hofu ya kweli, maana kama kiwanja kingekwenda halmashauri basi yeye, mume, bibi na mabinti zake wawili walioko shule ya bweni wangekuwa wavamizi katika nyumba yao wenyewe. Aliosha vyombo akihesabu siku: Jumanne, Jumatano, na nusu ya Alhamisi.

*

Asubuhi ya Jumanne alikwenda kwanza ofisini kuchukua orodha ya viwanja vilivyopigiwa wino. Karani alikuwa peke yake na kikombe chake, na hakuwa mtu mbaya saa hizo. Alimwambia asijisumbue. Yeye ana kalamu. Kiwanja mia mbili na kumi na mbili anaweza kukijazia jina sasa hivi, agonge muhuri pembeni, yaishe.

"Niandike la nani?" aliuliza. "La bibi au la mumeo? Bibi ni mtu mzima. Kesho keshokutwa mtarudi hapa kulibadilisha. Sema tu."

Bi Taipu aliiona ile kalamu ikiwa imeinuliwa. Ni jambo la dakika moja, na hakuna ambaye angejua, na nyumba ingepona kabla ya chai kupoa. Angeandika jina la bibi, bila shaka, lile lile. Lakini mtaa ungeambiwa nini? Kwamba aliyechapa alikwenda dirishani peke yake asubuhi na mapema, na mstari wake ukarekebishwa kwa kalamu? Muuza mkaa angeishi na habari hiyo mwaka mzima.

"Na wale wengine kumi na wanane?"

"Watajijua. Wataleta malalamiko."

"Wataleta lini? Wengine hawajui hata kama wamekatika." Alichukua karatasi yenye zile namba, akaikunja. "Kaka, weka kalamu. Nitakuletea orodha nzima."

Karani alimkumbusha kwamba Alhamisi saa sita ni saa sita, hata saa sita na dakika moja hapana. Aliporudi kwenye kikombe chake alikuwa na hakika kwamba hatamwona tena yule mama mpaka siku ya kulia.

*

Steshenari alikochapia ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu, printa mbili na mwenyewe, mwanamume mwenye miwani minene ambaye mtaa ulimwita Profesa. Hakusoma sana; alikuwa na miwani tu. Alikodisha kompyuta kwa saa na ushauri aliutoa bure, ulipotakiwa na usipotakiwa.

Bi Taipu alimwomba aifungue orodha na kupanua nafasi ya kushoto kama walivyofanya ofisini. Profesa alifanya hivyo, na mbele ya macho yao kurasa ishirini na saba zikawa thelathini, vichwa vikaporomoka na mstari wa mia tatu arobaini na saba ukapasuka palepale. Bi Taipu alishika tama. Kumbe kitu kilikuwa kinangoja kuguswa tu.

Profesa alibonyeza kitu na skrini ikajaa vialama vidogo, kila kimoja kikionyesha mahali ambapo mchapaji alibonyeza enta. Vilikuwa vingi mno. Alivitazama, akavua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

"Bi Taipu, hizi enta zote za nini?"

Alimweleza. Kiwandani, kwenye mashine ya taipu, alifundishwa na msimamizi mkali kwamba maelezo yakiwa na mistari mitatu, namba hukaa sawa na mstari wa mwisho, ndipo ukurasa unapendeza. Kwa hiyo kila nyumba yenye warithi watatu alibonyeza enta mara mbili kabla ya kuandika kiwanja, ili namba ishuke. Yenye warithi wanne, mara tatu. Jina juu, kiwanja chini, katika kila mstari wa orodha. Na chini ya kila ukurasa alibonyeza enta nyingine za kusukumia, mpaka kichwa alichokiandika kifike kileleni mwa ukurasa unaofuata. Alikuwa ameipanga kwa macho, kama anayetandika kitanda.

"Umekitandika vizuri," alisema Profesa. "Tatizo ni kwamba wao wana kitanda kingine."

Bi Taipu hakucheka. Alikuwa anatazama vile vialama na kuelewa, mstari kwa mstari, kwamba mashine haikuwa na kosa. Bibi aliuliza kama mashine ina vidole, na jibu lilikuwa hapa limejaa skrini nzima. Vilikuwa vidole vyake mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu hata kidogo, ila msimamizi wa kiwandani, na huyo alishafariki. Akavuta kiti karibu.

"Nionyeshe namna inavyotakiwa," alisema. "Pole pole. Kisha usiguse kitu, nitafanya mwenyewe."

Yalikuwa mambo mawili, na yote mawili yalikuwa yakikaa ndani ya kompyuta siku zote. La kwanza, unaandika kichwa cha jedwali mara moja tu, juu kabisa, halafu unaiamuru kompyuta ikirudie kila ukurasa unapoanza. Ukurasa usogee usisogee, kichwa kitakuwa juu yake. La pili, kulikuwa na kisanduku kidogo chenye alama ya vema, kinachoruhusu mstari kukatika kati ya kurasa. Unaondoa ile vema. Kuanzia hapo mstari usioenea chini ya ukurasa huu unahamia mzima mzima ukurasa wa pili, mwenye nyumba na warithi na kiwanja chao.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Bi Taipu.

"Ni hivyo tu."

Wiki tatu, alisema moyoni. Wiki tatu za rula.

Lakini uchafu wa zamani ulitakiwa kutoka kwanza. Profesa alisema ipo njia ya mkato: unaiambia kompyuta ifute enta zote kwa mpigo. Kabla hajazuiwa aliibonyeza, na majina ya warithi wa kaya mia sita na zaidi yakaungana kuwa uji. Mtoto wa huyu akashikana na mjukuu wa yule, hapana pa kupumulia. Bi Taipu alinyoosha mkono, akarudisha yote yalivyokuwa, na kumwomba Profesa, kwa adabu zote, akahudumie wateja wengine.

Alianza mstari wa kwanza. Alifuta enta zilizokuwa juu ya namba, kiwanja kikapanda na kukaa sawa na jina la mwenye nyumba. Alikagua kwenye daftari la kamati, lile lililojazwa nyumba kwa nyumba, akaenda mstari wa pili. Kila alipokutana na kichwa cha zamani alikiondoa kizima, na kila kimoja kilimuuma kidogo, kwa sababu alikumbuka siku aliyokiandika. Saa kumi na moja jioni, Profesa alipoanza kushusha mapazia, alikuwa ameufikia mstari wa mia moja tisini na nne.

*

Jumatano alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Nyumbani bibi alikuwa amekunywa chai aliyoichemsha mwenyewe. Mumewe alimsindikiza mpaka njia panda, na walipoachana akamwambia kwamba ile juzi hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa analijua.

"Ungemwambia mama, si mimi," alisema Bi Taipu.

"Nitamwambia."

"Mwambie leo, basi."

Kazi ilikuwa inakwenda, ila pole pole. Macho yalikuwa yakiruka kutoka daftarini kwenda kwenye skrini na kurudi, na kila yaliporudi yalipotea. Kufikia saa tano alikuwa mstari wa mia mbili sabini na kitu. Alipiga hesabu kichwani na hesabu ikakataa. Hapo ndipo mlango uliposukumwa na muuza mkaa akaingia, kanga imekaa upande, jasho linamtoka.

Alikuwa ametoka ubaoni. Hatimaye alikuwa amelitafuta jina lake na kulikuta chini ya ukurasa wa ishirini na tano, mstari wa mia tano na kumi na moja, peke yake. Kiwanja chake kilikuwa juu ya ukurasa wa ishirini na sita na wino mwekundu mwilini. Alisimama katikati ya chumba akitafuta pa kuanzia. Alisema amesikia kwamba Bi Taipu anarekebisha. Alisema yeye juzi alisema tu, watu ndio walioongeza chumvi. Kisha akaishiwa.

Bi Taipu alikuwa na maneno ya kumpa, na yalikuwa tayari tangu Jumatatu, yamepangwa vizuri kuliko orodha. Alimtazama, akaitazama saa ya ukutani.

"Unajua kusoma?"

"Nilifika darasa la saba," alisema muuza mkaa, kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kuuona.

"Vuta kiti. Shika daftari. Unisomee namba, mwenye nyumba, warithi, kiwanja. Kwa sauti."

Sauti ilikuwepo. Ile ile iliyotangaza kukatika kwa nyumba ikaanza kusoma nyumba moja moja, na ilisomeka vizuri sana, hata wateja wa kutoa nakala walinyamaza wasikie. Macho ya Bi Taipu sasa yalikaa mahali pamoja na vidole vikakumbuka mwendo wake wa zamani. Walikwenda mistari mia bila kupumzika. Muuza mkaa alikuwa akikutana na watu anaowajua na alitaka sana kusema jambo juu ya kila mmoja, lakini kila alipofungua mdomo Bi Taipu aligonga meza kwa kidole.

Walipoufikia mstari wa mia tatu arobaini na saba, muuza mkaa alishusha sauti. Alisoma jina la bibi. Akasoma jina la fundi seremala, na wale mabinti wawili. Akasoma kiwanja, mia mbili na kumi na mbili, na kuweka kidole hapo daftarini bila kuendelea.

"Ni mwandiko wako huu?"

"Ni wangu. Tulipozunguka nyumba kwa nyumba."

"Uliandika jina lake tangu siku ile."

"Ningeandika la nani?" alisema Bi Taipu. "Endelea. Mia tatu arobaini na nane."

Walimaliza saa kumi kasorobo. Bi Taipu alirudi juu kabisa, akachagua kichwa cha jedwali, akaamuru kirudiwe. Akachagua jedwali zima, akakiendea kile kisanduku na kuondoa vema. Kisha akamwita Profesa.

"Sasa ichokoze," alimwambia.

Profesa alifurahi kupewa kazi hiyo. Alipanua nafasi ya kushoto, kisha ya kulia. Akakuza herufi. Akabadilisha ukubwa wa karatasi, mpaka orodha ikafika kurasa thelathini na nne, na kila alipoharibu Bi Taipu alipita ukurasa mmoja mmoja kutoka juu mpaka chini. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa chake. Mistari ilikuwa ikihama huku na kule kutafuta pa kukaa, lakini ilihama mizima. Muuza mkaa hakuelewa wanachofanya, ila alipoiona nyumba yake inasogea kutoka ukurasa hadi ukurasa pamoja na kiwanja chake alipiga goti kwa kiganja na kucheka.

*

Alhamisi saa tatu na nusu alikuwa dirishani. Karani aliichukua flashi kwa ncha za vidole, akaichomeka, akafungua orodha kwenye kompyuta ya ofisi na kuweka nafasi yao pana ya kushoto. Alikuwa ameshazoea kitakachofuata, kwa hiyo alianza kwa kukunja uso. Aliangalia ukurasa wa tano, akaenda wa tisa. Akarudi wa kwanza na kuteremka tena, safari hii pole pole, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

Alitoa karatasi zote thelathini. Alichukua ile orodha ya viwanja kumi na tisa na kukitafuta kimoja kimoja, na kila alipokipata alikata kwa kalamu yake. Kilipobaki kimoja, aliinua macho kwa mara ya kwanza. Kilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

"Na hiki chenu, mbona sikioni?"

"Kipo mahali pake, mia tatu arobaini na saba. Wewe ndiye umekiruka."

Karani alikitafuta, akakikuta, akakata. Aligonga muhuri karatasi ya kwanza na ya mwisho saa tano na dakika kumi. Halafu akamuuliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, ni namna gani amekifanya kile kichwa kirudi kila ukurasa, kwa sababu wao hapa huandika kwa mkono. Bi Taipu alimwonyesha. Alimwonyesha pole pole, kama alivyoonyeshwa yeye, na hakumtania.

*

Ijumaa orodha mpya ilibandikwa, na Bi Taipu alikwenda na mama mkwe. Hakumwalika; alipotaka kutoka alimkuta bibi amesimama mlangoni na viatu vyake vya safari. Fundi seremala alikuwa amesema aliyoahidi kusema, na muuza mkaa naye alikuwa amesema, tena mtaa mzima, kwa nguvu zile zile. Lakini bibi hakuwa mtu wa kugeuzwa na maneno. Alitaka aone.

Ubaoni watu walimpisha. Alizitafuta namba, kwa kuwa namba alizijua, akapita kurasa kwa kidole mpaka akaiona mia mbili na kumi na mbili. Aliweka kidole juu yake. Kisha akakiburuta kurudi nyuma kwenye mstari ule ule, juu ya majina ya warithi, mpaka kikafika mwanzo, na hakikukutana na ukingo wa karatasi wala pini.

"Hapa pameandikwa mimi?"

Bi Taipu alishituka, kwa sababu swali lilikuja kwake moja kwa moja, halikupitia kwa mtu.

"Ndiyo, mama. Ni wewe."

"Na hawa?"

"Mwanao. Na wajukuu zako wawili. Wote wako pamoja."

Bibi alikipeleka kidole tena, jina la kwanza, la pili, la tatu, kama anayehesabu vitu kwenye kikapu. Akafika mwisho na kusita.

"Wewe uko wapi?"

"Mimi simo, mama. Hao ndio uliowataja siku ile."

Bibi alizitazama karatasi zote thelathini, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Mtu ameandika watu wote hawa, alisema, si kwa kumwambia yeyote. Kisha akageuka, akaenda dirishani kwa mwendo wake wa magoti mabovu, na kugonga kioo kwa pete.

Alimwambia karani kwamba amesikia kuna wiki mbili za kurekebisha warithi, na anataka kuongeza mmoja. Karani alitaja fomu, akataja shahidi, kisha akashusha pumzi. Orodha ndiyo kwanza imekaa vizuri, alisema. Ukiongeza mstari mmoja pale katikati, kila kitu kinachofuata kitahama mpaka ukurasa wa mwisho. Bibi hakumwelewa. Aligeuka kumtazama mkwe wake, amwambie kama ni kweli.

"Ni kweli, mama," alisema Bi Taipu. Akamgeukia karani.

"Andika. Ihame tu," alisema. "Haitakatika."